Baka jeupe hukaa tumboni na usoni, mgongo unabaki na rangi. Eti ni kazi ya protini moja tu, KIT?

#1 Mzee wa Zizi
Wakuu, salaam. Angalieni wanyama wa kufugwa wenye mabaka: ng'ombe, paka, farasi. Weupe wao hauangukii ovyo. Unashika tumbo, paji la uso, miguu na ncha ya mkia. Mgongo ndio wa mwisho kupoteza rangi. Paka mwenye tumbo jeusi na mgongo mweupe mimi sijamwona.

Mpwa wangu anasomea udaktari wa mifugo. Anasema chanzo ni protini moja iitwayo KIT, ni kinasi (protini inayobandika fosfeti kwenye protini nyingine), na kazi yake inafanyika mnyama akiwa bado kiinitete tumboni mwa mama. Nimemwambia anarahisisha mambo. Protini moja itawezaje kumchora ng'ombe na paka kwa mtindo ule ule? Wenye elimu karibuni.

#2 Kobe Mzee
Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wataalamu.

#3 Mwana wa Mlango
Mbona jibu lipo siku nyingi. Yakobo alimenya fito akaziweka mbele ya mabirika ya maji, mifugo ya Labani ikapandana pale, ikazaa wenye milia na madoadoa. Kwetu pia wazee wanasema ng'ombe mwenye mimba akishtuliwa na radi, ndama hutoka na alama. Mama anachokiona, mtoto anakibeba.

#4 Fundi Seli
Mzee wa Zizi, mpwa wako hajakosea, ila amekupa robo ya habari.

Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi na nywele hazizaliwi kwenye ngozi. Zinatoka kwenye ukingo wa mfereji wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Yaani zinaanzia mgongoni. Kwa panya wa maabara, mwenye mimba ya siku kama 19 au 20, zinaanza kujitokeza siku ya tisa hivi, kisha zinasambaa chini ya ngozi kuelekea mbavuni na tumboni. Huo ndio msingi wa swali lako: tumbo liko mbali na chanzo.

KIT ni kipokezi kilichopenya utando wa seli hizo. Sehemu ya nje inasubiri ujumbe, ambao ni protini nyingine inayotolewa na ngozi, KITLG. Ujumbe ukifika, KIT mbili zinashikana, na sehemu ya ndani, ambayo ndiyo kinasi yenyewe, inabandika fosfeti kwenye mwenzake. Kuanzia hapo seli inapata amri: ishi, gawanyika, tembea.

Tunajuaje? Wafugaji wa panya walikuwa na panya wenye tumbo jeupe na alama ya paji kwa miaka mingi, wakaita jeni hiyo W bila kujua ni nini. Mwaka 1988 makundi mawili yakagundua kwamba W ndiyo KIT. Miaka miwili baadaye, mwaka 1990, ikajulikana kwamba jeni nyingine ya panya weupe, Steel, ndiyo inayotengeneza ule ujumbe. Kufuli na ufunguo vikapatikana.

Panya mwenye nakala moja mbovu ana baka la tumbo na la paji. Mwenye nakala zote mbili zilizoharibika kabisa anakuwa mweupe mwili mzima, damu haimtoshi, na anakufa karibu na kuzaliwa. Angalikuwa hai angalikuwa tasa pia, maana seli za mbegu nazo zinaitegemea KIT. Kwa hiyo si jeni ya urembo.

#5 Mchungaji wa Longido
Mleta mada na Fundi wote mnaongea kama watu wa mjini. Njooni mnadani muone ng'ombe mwenye mstari mweupe mgongoni kuanzia mabegani hadi mkiani, tumbo jeupe, na mbavu zote mbili zina rangi. Huyo mgongo wake ndio mweupe! Wapo, tena si mmoja. Sasa hizo seli zilizoanzia mgongoni zilikwenda wapi?

#6 Jike la Simba
Mimi nachojua hakuna ng'ombe wa kijani na njano duniani. Hata kiinitete kimekataa. Poleni watani.

#7 Msomi Hewa
😂😂 #6 uzi wa watu huu.

Hoja ya Fundi naielewa hivi: ni kama kupaka chokaa ukuta mrefu kwa kopo dogo. Unaanzia juu, kopo likiisha, chini kunabaki wazi. Panya mwenye KIT nusu ana kopo nusu. Tumbo na miguu ni chini kabisa ya ukuta. Paji la uso nalo ni mbali. Simple.

#8 Dk. Kwato
Msomi Hewa, hilo kopo limewadanganya hata wakubwa zako.

Mwaka 1967 Beatrice Mintz alichanganya viinitete viwili vya panya wa rangi tofauti vikawa mnyama mmoja. Panya wale walitoka na mikanda ya rangi inayoshuka kutoka mgongoni hadi tumboni. Akahesabu, akasema rangi yote ya panya inatokana na seli mama 34, yaani 17 kila upande, na kila seli inashuka moja kwa moja na ukoo wake. Ikakubalika hivyo kwa miaka.

Baadaye watu walipoweza kuweka alama kwenye seli moja na kufuata watoto wake, wakakuta hazishuki kwa mstari. Zinatawanyika huku na huko, zinachanganyikana na majirani. Mwaka 2016 watafiti wa Edinburgh na Bath wakatengeneza modeli ya hesabu kwa vipimo vya seli halisi. Waliona seli zinatembea bila mwelekeo, zinazaana, na ngozi yenyewe inatanuka chini yake. Mchanganyiko huo unatosha kutoa ile mikanda ya Mintz na baka la tumbo pia. Na kwa panya wenye KIT dhaifu, tatizo lilikuwa kuzaana kidogo, wala si kutembea polepole.

Kwa hiyo chokaa yako ina tabia ya kuongezeka yenyewe ukutani, na ukuta nao unakua wakati unapaka.

#9 Msomi Hewa
Sawa daktari, lakini mwishoni haikufika chini. Matokeo ni yale yale.

#10 Dk. Kwato
Matokeo ni yale yale, sababu ni tofauti, na kwenye tiba tofauti hiyo ndiyo inayolipwa mshahara.

#11 Fundi Seli
Hapo kwenye "kuzaana kidogo" ningeweka breki. Hiyo ni kwa panya wa aina hiyo waliopimwa. Kuna panya wengine, Steel-Dickie, ambao ujumbe wao wa KITLG unaelea tu nje ya seli, haubaki umeshikamana na utando kama inavyotakiwa. Kwa hao seli za rangi zinaondoka vizuri kabisa, zinaingia njiani, kisha zinapotea. Zinakufa. Ujumbe unaoelea unatosha kuzianzisha safari, hautoshi kuziweka hai zikishafika kwenye ngozi.

Kwa hiyo tuna maelezo matatu: hazikusafiri, hazikuzaana, au zilikufa. Na kila mnyama anaweza kuwa na lake.

#12 Paka wa Mkunazini
Assalaam alaykum jamani. Huku Unguja mtaani tuna paka mweupe pepe, macho ya buluu, kiziwi kabisa. Gari ikipiga honi hashtuki. Nimesikia huyo ni zeruzeru. Na yeye ni KIT?

#13 Dk. Kwato
Waalaykum salaam. Si zeruzeru. Mnyama zeruzeru seli zake za rangi zipo na zimefika kila mahali, ila hazitengenezi rangi. Paka wako seli zenyewe hazipo.

Namna ya kutofautisha ni macho. Panya mweupe wa KIT ana macho meusi, kwa sababu rangi ya nyuma ya jicho inatoka kwenye kikombe cha jicho, chipukizi la ubongo wenyewe, haipiti njia ya mgongoni. Panya zeruzeru ana macho mekundu. Paka wako ana buluu kwa sababu duara la rangi linalozunguka mboni ndilo limekosa seli, lakini nyuma ya jicho mara nyingi rangi ipo.

Na ndiyo, kwa paka ni KIT. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba kuna kipande cha virusi vya zamani kilichojipachika ndani ya jeni hiyo. Kipande kikiwa kizima, paka anakuwa na mabaka meupe. Kikiwa kimebaki kipande kifupi tu cha virusi hivyo, paka anakuwa mweupe mwili mzima, na hao ndio wenye hatari ya uziwi. Ndani ya sikio kuna seli za rangi zinazosaidia kuweka chumvi za umeme wa usikivu sawa. Zisipofika, sikio linakufa. Si kila paka mweupe ni kiziwi, wengi wanasikia vizuri. Mwenye macho ya buluu ndiye umtilie shaka.

#14 Kobe Mzee
Kumbe yule paka wangu alikuwa hanipuuzi.

#15 Mchungaji wa Longido
Bado nasubiri jibu la mgongo mweupe. Mmenikwepa mkahamia kwa paka.

#16 Mama Upara Mweupe
Naomba niingilie. Mimi ni binadamu (hahaha). Nina shungi jeupe la nywele juu ya paji tangu kuzaliwa, na baka jeupe tumboni na kwenye magoti. Marehemu baba alikuwa nalo, bibi mzaa baba alikuwa nalo, na mwanangu wa pili analo mahali pale pale. Shuleni nilikuwa naitwa mzee. Nimeshawahi kupewa krimu za vitiligo hospitali moja, nikapaka wee, hakuna kilichobadilika. Kijijini walisema ni alama ya mizimu ya upande wa baba. Ndiyo hiyo KIT?

#17 Fundi Seli
Dada, pole kwa krimu. Mtandaoni hatuwezi kumpima mtu, lakini unavyoeleza ni picha ambayo vitabu vinaijua. Vitiligo huja baadaye maishani na hutembea, leo hapa, mwakani pale, kwa sababu kinga ya mwili inaziua seli zilizokuwepo. Lako limekaa pale pale tangu kuzaliwa, linarithiwa mzazi kwa mtoto bila kuruka kizazi, na linashika paji, tumbo na magoti. Mwaka 1991 familia za namna hiyo ndizo zilizoonyesha kwamba binadamu naye akiwa na nakala moja mbovu ya KIT anapata mabaka. Mara nyingi mgongo, viganja na nyayo vinabaki na rangi yake. Inakadiriwa mtu mmoja kati ya 20,000.

Kuna jeni nyingine zinazotoa shungi kama hilo, na baadhi huambatana na uziwi. Kwa hiyo kama unataka uhakika, muone daktari wa ngozi anayejua mambo ya kurithi.

#18 Msomi Hewa
Swali la kizushi. Bandiko #4 limesema KIT ikiharibika damu inapungua na uzazi unakwama. Mama Upara je?

#19 Mama Upara Mweupe
Nina watoto wanne na damu nimeshachangia mara kadhaa. Swali lingine?

#20 Jike la Simba
Msomi umekaa 🤣

#21 Dk. Kwato
Swali lake si baya ingawa adabu imepungua. Jibu: nakala moja nzima inatosha damu na mbegu, haitoshi ngozi. Ngozi ni kubwa, seli zinazoanza ni chache, na muda ni mfupi. Upungufu mdogo unaonekana hapo kwanza. Hii ni hoja ya kipimo.

#22 Fundi Seli
Nakubali nusu. Kipimo peke yake hakielezi kwa nini watu wawili wenye KIT mbovu wanatofautiana, mmoja ana alama ndogo na mwingine ni mweupe nusu mwili, kutegemea jeni yao imeharibika wapi.

KIT zinafanya kazi zikiwa jozi. Jeni ikifutwa kabisa, unabaki na nusu ya KIT, lakini zote nzima. Baka dogo. Sasa chukua panya aitwaye W42. Protini yake inatengenezwa na inafika kwenye utando kama kawaida, ila herufi moja imebadilika kwenye moyo wa kinasi, haiwezi kubandika fosfeti. Huyo mbovu anakwenda kushikana na mzima na kumlemaza. Piga hesabu: nusu wazima nusu wabovu, wakishikana bila kuchagua, jozi zenye wazima wawili ni robo tu. Robo tatu zimeingiliwa. Panya mwenye nakala moja ya W42 anakuwa na weupe mwingi kuliko yule aliyekosa jeni kabisa! Kukosa protini kumekuwa nafuu kuliko kuwa na mbovu.

Ndiyo maana nakataa neno "nusu dozi" kutumika kwa kila mtu.

#23 Kobe Mzee
Kuna ofisi naijua inafanya kazi kwa mfumo wa W42. Siitaji.

#24 Mfamasia wa Zamu
Naongeza la upande wangu. Kuna dawa ya saratani ya damu, imatinib, imewekwa kuzuia kinasi nyingine (BCR-ABL), lakini inazuia na KIT pia. Wagonjwa wenye ngozi nyeusi hufifia rangi, wengine usoni na mikononi wanakuwa weupe kuonekana wazi. Nimewahi kumhudumia mama aliyekuwa analaumiwa na mawifi kuwa anatumia mkorogo, kumbe ni dawa yake. Inaonyesha KIT haiishii tumboni mwa mama, hata ukubwani seli za rangi zinaihitaji. Na wanawake wanaoitumia huambiwa wasishike mimba, au wakitaka mtoto wapange kwanza na daktari.

#25 Mrembo wa Sinza
Hiyo dawa inapatikana duka gani? Bei?

#26 Mfamasia wa Zamu
Nilijua tu. Dada, hiyo ni dawa ya saratani. Inashusha chembe za damu, inavimbisha uso na miguu, na tumeshasema KIT inahusika na damu. Achana nayo kabisa.

#27 Mrembo wa Sinza
Nilikuwa nauliza tu jamani, mbona ukali.

#28 Kijana wa Salalah
Wakuu, niko Oman kikazi, nahudumia ngamia. Nimeona wa mabaka, weusi na weupe, macho ya buluu. Mwenye mali ananiambia wengi wao hawasikii, ukiwaita hawaji, inabidi uwafuate. Kwa hiyo na ngamia wamo?

#29 Dk. Kwato
Wamo. Mwaka 2017 walitangaza herufi moja iliyofutika kwenye KIT ya ngamia wa Uarabuni wenye mabaka. Na mambo ya uziwi kwa ngamia wa mabaka wafugaji wa jangwani wanayasema tangu zamani.

Orodha ni ndefu. Nguruwe weupe wa kizungu, wale Large White, ni KIT iliyojirudia nakala zaidi ya moja na mojawapo ikakatika vibaya. Farasi nao wana aina nyingi za KIT mbovu, zaidi ya 20. Ng'ombe wa Shorthorn na Belgian Blue wenye manyoya meupe yaliyochanganyika na ya rangi, hao ni upande wa ufunguo, KITLG, na baadhi ya mitamba yao iliyo meupe kabisa huzaliwa na njia ya uzazi isiyokamilika.

#30 Mbwa Mwitu
Na mbwa.

#31 Dk. Kwato
Mbwa hapana, au tuseme kwa nadra. Mabaka ya mbwa wengi ni jeni MITF, inayofanya kazi ndani ya kiini cha seli, mbele zaidi kwenye njia hiyo hiyo. Mbuzi weupe kama Saanen nao ni habari nyingine, ASIP, hao seli zipo ila zinaambiwa zitengeneze rangi nyepesi. Na kabla hamjauliza punda milia, wala yule mtoto wa punda milia wa madoa aliyeonekana Maasai Mara 2019: hapana, si huku.

#32 Mchungaji wa Longido
Mgongo.

#33 Fundi Seli
Haya mzee wangu, mgongo wako huu hapa.

Ng'ombe wa muundo huo, rangi mbavuni na weupe mgongoni, walichunguzwa Ubelgiji, matokeo yakatoka 2012. Kipande cha kromosomu ya 6 chenye jeni ya KIT kilikatwa kikahamia kromosomu ya 29, na katika ng'ombe wengine kikarudi tena nyumbani kikiwa kimejichanganya. KIT yenyewe haikuharibika hata herufi moja! Kilichovurugika ni maagizo ya jirani yanayoiambia iwake wapi na lini.

Panya ana kesi inayofanana, anaitwa sash. Ana mkanda mweupe kiunoni unaozunguka mgongo na tumbo pamoja. Kwake kromosomu imepinduliwa karibu na KIT. Katika kiinitete chake KIT inawaka mahali isipotakiwa, kwenye tishu ambazo seli za rangi zinapita. Maelezo yanayopendwa ni kwamba KIT hiyo ya ziada inanyakua ujumbe wote wa KITLG uliopo pale, seli za rangi zinapita na njaa zinakufa. Mahali penye KIT nyingi mno ndipo palipobaki peupe.

#34 Msomi Hewa
Subiri. Kwa hiyo KIT ikipungua, weupe. Ikizidi mahali pasipo pake, weupe. Ikiwa nzima lakini mshirika ni mbovu, weupe. Hii nadharia haiwezi kushindwa, hapo ndipo ninapoanza kuitilia shaka.

#35 Fundi Seli
Inaweza kushindwa. Ungenionyesha KIT imezimwa kwenye ngozi ya kiinitete na seli za rangi zikaendelea kama kawaida, ningekunja virago. Mwaka 1991 Wajapani walifanya jaribio karibu na hilo. Waliwadunga panya wenye mimba kingamwili inayoziba KIT. Watoto wakazaliwa na manyoya meupe, na mahali pa weupe palibadilika kutegemea siku ya sindano. Jeni za watoto hao zilikuwa nzima kabisa. Waliona vipindi viwili tofauti ambavyo seli za rangi zinaitegemea KIT.

#36 Mwana wa Mlango
NGOJA KIDOGO. Mama mjamzito amefanyiwa kitu, mtoto ametoka na mabaka, na jeni haijaguswa. Si ndicho nilichosema bandiko #3?? Mlinicheka.

#37 Jike la Simba
Yakobo 1, Maabara 0.

#38 Fundi Seli
Hakuna aliyekucheka, ulipuuzwa tu 😄. Tofauti ni kwamba kingamwili ilipita kwenye damu ikafika kwenye kiinitete ikaziba protini. Fito mbele ya birika inapitia wapi?

#39 Mwana wa Mlango
Hilo ni swali lenu watu wa maabara, mimi nimeleta matokeo.

#40 Bibi Hadubini
Nimesoma kimya tangu #1. Mwana wa Mlango anaweza kupata silaha nyingine: 2006 kundi la Ufaransa lilitangaza kwamba panya waliozaliwa na mzazi mwenye KIT mbovu, lakini wao wenyewe wakarithi nakala mbili nzima, bado walitoka na ncha nyeupe ya mkia na miguu myeupe. Wakasema kinachopitishwa ni RNA (nakala ya ujumbe wa jeni) kwenye mbegu ya baba, si herufi za jeni. Wakadunga RNA kwenye yai lililorutubishwa, mkia mweupe ukatokea. Gumzo likawa kubwa na si wote waliolikubali hadi leo. Mimi binafsi naliweka kwenye rafu ya "huenda".

Ila nilitaka kurudi kwa Mzee wa Zizi aliyeuliza inawezekanaje protini moja ifanye yote. Mwaka 2000 makundi mawili yalibadilisha herufi moja tu kwenye KIT ya panya, tairosini namba 719, ile inayoita njia ya PI3K, mojawapo ya njia za kupitisha amri ndani ya seli. Kinasi ilibaki hai. Rangi ya manyoya: kawaida. Damu: kawaida. Madume: tasa. Yaani waya mmoja ndani ya protini hiyo ulikuwa wa mbegu za kiume, ngozi haikuuhitaji. Nadhani tunakosea tunapouliza KIT inafanya kazi gani. Seli ya rangi, seli ya damu na seli ya mbegu zinaitumia kila moja kwa namna yake.

#41 Mzee wa Zizi
Bibi Hadubini asante, hapo angalau napata pa kushika. Lakini nina lingine. Mbona wanyama wa porini hawana mabaka hayo, wa kufugwa wamejaa? Nyati mwenye soksi nyeupe sijamwona.

#42 Msomi Hewa
Mbweha wa Siberia! Kuanzia 1959 kule Novosibirsk walichagua mbweha wapole tu, kizazi baada ya kizazi, na alama nyeupe ya paji ikaja yenyewe. Mwaka 2014 wakatokea wanasayansi wakasema upole na mabaka vinatoka chanzo kimoja, zile seli za ukingo wa neva, maana tezi za hofu juu ya figo nazo zinatoka huko. Ukichagua upole unapunguza seli hizo zote.

#43 Dk. Kwato
Hadithi tamu, ina mashimo. Mbweha wale walitokana na mashamba ya manyoya ya Kanada, ambako walikuwa wameshafugwa na kuchaguliwa kwa miongo, na mabaka yalikuwa yameshaonekana huko. Mimi naona jibu rahisi zaidi: porini ndama mweupe anaonekana na simba kabla ya magharibi, zizini anaonekana na mnunuzi. Mabaka huzaliwa kote kote, sisi ndio tunayatunza.

#44 Mchungaji wa Longido
Hapo kwa mnunuzi umenena. Sasa niseme langu la mwisho. Mnasema seli zinatembea ovyo bila mwelekeo. Mimi nina ukoo wa ng'ombe, mama, binti, mjukuu, wote wana baka la bega la kushoto. Ovyo gani hiyo inayokumbuka bega?

#45 Bibi Hadubini
Ng'ombe wa Holstein waliotengenezwa kwa seli za mnyama mmoja, jeni zile zile kabisa, hutoka na mabaka yasiyofanana. Kiasi cha weupe kinakaribiana, mipaka yake hapana. Jeni inaamua seli ngapi zitazaana kwa kasi gani. Mpaka wa baka unaamuliwa na bahati ya siku chache tumboni.

#46 Mchungaji wa Longido
Hao wa maabara. Wangu wanafanana.

#47 Dk. Kwato
Mzee, piga picha mbavu zote mbili, kushoto na kulia, za mama, binti na mjukuu. Si bega peke yake, na uwalete hata wale wa ukoo huo ambao hawana baka hilo. Tukiziona hapa tutaendelea.

#48 Mchungaji wa Longido
Jumamosi wakirudi kisimani. Fundi Seli uwepo.

#49 Mbwa Mwitu
Hivi yule ngamia wa macho ya buluu wa Salalah anauzwa?